Wanachungulia nyota chini ya ziwa? Naomba kueleweshwa

Mvuvi_Kibirizi
Wakuu, heshima kwenu. Juzi mbalamwezi, ziwani hatukwenda, nikashinda na simu. Nakuta Warusi wametumbukiza mipira ya vioo ziwa Baikal, kama kilomita moja chini, eti wanachunguza ulimwengu. Nyota si ziko juu? Mimi nimekesha majini tangu enzi za karabai mpaka hizi taa za sola, wavu haujawahi kupandisha nyota.

Ticha_Ujiji
Kaka, wanatega chembe zilizotoka huko. Zinaitwa nyutrino. Za jua peke yake, mabilioni yanapita kwenye ukucha wako wa gumba kila sekunde. Mchana zinashuka, usiku zinapanda, zimeshaipenya dunia nzima. Mara moja moja sana inatokea moja ikagonga maji, ikazaa chembe nyingine inayokimbia kuupita mwanga (majini mwanga hupunguza mwendo). Boti ya mashine ikikupita huacha mawimbi kama kichwa cha mshale, sivyo? Chembe hiyo nayo huacha lake, ila lake ni mwanga wa buluu, hafifu. Mipira ndiyo inauona. Wameshuka kote huko kufuata giza, kama nyie tu.

Faida yake: mwanga wa nyota huzibwa na vumbi, nyutrino hazizibwi. Mwaka 1987 nyota ililipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan (si wingu la mvua, ni galaksi, yaani kundi kubwa la nyota), lile tunaloliona Desemba upande wa kusini, chini, kama moshi. Kabla mwanga wa mlipuko haujaonekana, tangi la maji mgodini Kamioka, Japani, lilishanasa nyutrino 11. Na tangi lenyewe lilijengwa kuangalia kama protoni (chembe za ndani ya kila atomi) huoza! Walitegea dagaa, wakavua sangara.

MamaDagaa
Tanganyika ina mita 1,470. Mbona hawaji huku?

Ticha_Ujiji
Kina tunacho, dada. Barafu ndiyo hatuna. Baikal huganda, wanaingiza magari juu yake, wanatoboa, wanashusha kamba taratibu. Hapa ni meli, na upepo wa Juni mnaujua.

Mvuvi_Kibirizi
Kwa hiyo usiku nikijinyoosha chali mtumbwini, za jua zinaniingilia mgongoni?

Ticha_Ujiji
Na kutokea kifuani.

Mvuvi_Kibirizi
Haki ya Mungu. Giza linaanza Jumanne, nitazima taa nichungulie huo ubuluu.

Ticha_Ujiji
Hutauona, ni hafifu mno kwa jicho. Labda utaokoa chaji.