Mjadala: Mbwa wa geti na watoto wa nyumba, tuwatenganishe kabisa au tuwazoeshe?

Mwenye mada: Jumapili iliyopita mpwa wangu wa miaka mitano aling'atwa mkono na mbwa wetu. Ndala yake iliangukia karibu na sufuria ya mbwa, ugali wa dona na dagaa, naye akaifuata. Mbwa aliacha kula, akakaza mwili, kichwa bado kiko chini. Niko barazani, nimeona yote, sikuelewa. Nilipoelewa, meno yalishaingia.

Majirani wanasema auawe. Shemeji anasema afungwe usiku na mchana. Mimi naona kosa ni letu, na nipo tayari kubishiwa. Tulimleta mdogo, tukamtia bandani kuanzia alfajiri hadi saa mbili usiku, tukaandika MBWA MKALI getini. Watoto tukawatishia: "Ukilia namfungulia mbwa!" Basi wao wanamjua kama zimwi la nyuma ya wavu, yeye anawajua kama watu wa kurusha vijiti. Siku komeo likisahauliwa, wanakutana.

Kwangu, mbwa wa ulinzi azoeshwe watoto wa nyumba angali mdogo. Nao wafundishwe: haguswi akila, akilala wala akinyonyesha. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama kama mti, mikono ubavuni, usimkodolee macho. Na mtu mzima awepo kweli, si dada anafua huku ametupia jicho moja. Mnasemaje?

Mkazi wa Mbezi: Mbwa aliyezoea watoto halindi, atamlamba mwizi miguu. Wangu ananijua mimi tu, na tangu 2019 hakuna aliyeruka ukuta.

Mwenye mada: Na watoto wako anawaonaje?

Mkazi wa Mbezi: Sina watoto.

Mtanga: Hahaa! Mimi Mwislamu wa madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa kwetu ni najisi, panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwanangu akumbatiane na mbwa? Sitaki. Ila kutomgusa ni kitu kimoja na kumpiga mawe ni kingine. Watoto wa mtaani kwetu wakimwona mbwa kalala wanaokota jiwe kama wameamrishwa. Na hadithi ya yule mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu wanafundishwa madrasa hiyohiyo. Tuwatenganishe, lakini kwa adabu.

Bwana Mifugo: Mnabishana tabia, hakuna aliyeuliza chanjo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, kama asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Kidonda kioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa kuangalia saa. Msipake mafuta ya taa wala majivu. Kisha hospitali siku hiyohiyo.

Na huyo mbwa msimuue! Mfungeni salama, mmwangalie siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na virusi. Mkimuua na kumfukia mtabaki kukisia. Lakini sindano za mtoto hazingoji hizo siku kumi.

Halafu, mbwa anayenguruma msimpige. Mkimpiga ataacha kunguruma, atang'ata kimyakimya.

Mwenye mada: Bwana Mifugo, hapo umenigusa. Kila aliponguruma tulimchapa.

Tuliosha kwa sabuni ya kipande na maji ya kata, dakika 15 sidhani kama zilitimia. Sindano ya kwanza alichomwa Jumapili ileile, ya pili Jumatano, nyingine ni kesho. Cheti cha mbwa nimekifukua kabatini: chanjo ya mwisho ni ya 2022, na tulitakiwa kurudia kila mwaka. Yeye bado yuko bandani, leo siku ya sita, anakula vizuri. Mpwa wangu anamchungulia dirishani na kuuliza kama mbwa bado amekasirika.

Mkazi wa Mbezi: Mwambie hapana. Halafu banda lipigwe kufuli, komeo halitoshi.