Ngoma na maigizo ya kinga ya VVU: watu wanajaa, wanashangilia, halafu hawakumbuki kitu

Ngoma_Rubondo:
Salaam wanajukwaa. Tuko makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Kikundi kina vijana 14, wasichana 8 na wavulana 6, umri miaka 15 hadi 22. Tuna ngoma tatu, spika moja ya betri na maiki moja inayokatakata. Wanacheza ndombolo, intore na mitindo ya mjini. Uwanja unajaa, vigelegele juu, lakini ukimuuliza mtazamaji amejifunza nini anakujibu "UKIMWI ni mbaya". Hilo alikuja nalo kutoka nyumbani.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie: onyesho lipangwe vipi, kipi kiingie kwenye ngoma na kipi kisemwe kwa mdomo, na lugha tufanyeje? Hapa kuna Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, na wenyeji wana Runyankore. Pia tutajuaje kama tumefaulu?

Fundi_Jukwaa:
Ndugu yangu, tatizo lenu nadhani linaanzia kwenye sentensi. "Jikinge na UKIMWI" haichezeki wala haifanyiki. Kabla ya mazoezi andikeni sentensi moja yenye mtu, kitendo na muda: "Msichana aliyebakwa afike kituo cha afya kabla ya saa 72 kwisha." Au: "Wapenzi wawili wapime pamoja kabla ya kuacha kondomu." Onyesho moja, sentensi moja. Mkitaka tatu, fanyeni maonyesho matatu kwa wiki tatu. Vikundi vingi hushindwa hapa kwa sababu mfadhili ametoa orodha ya mambo kumi na kila mtu anataka yote yaonekane siku hiyo hiyo.

Mpangilio unaofaa uwanja wa wazi ni dakika 45 hivi. Dakika 10 za kwanza ni ngoma tupu ya kukusanya watu, bila mafunzo yoyote, waacheni wafurahi. Dakika 12 igizo linaloishia pabaya, lisitatuliwe. Kisha dakika 15 hadi 20 igizo lirudiwe kuanzia katikati: mtazamaji akiona mhusika anakosea anapiga kofi moja, wachezaji wanaganda, yeye anaingia na kuchukua nafasi ya mhusika huyo kujaribu njia nyingine. Dakika za mwisho ni za muuguzi na tangazo la mahali pa huduma. Mbinu hii ya kumwingiza mtazamaji ndani ya igizo ilienezwa na Mbrazili Augusto Boal tangu miaka ya 1970, na kwetu inakaa vizuri kwa kuwa watu wamezoea kuitikia hadithi.

Inahitaji mwezeshaji mmoja anayejua kazi. Asiseme "umekosea". Aulize uwanja: "Hili linawezekana hapa kwetu?" Mtazamaji akija na suluhisho la ndoto, mathalani msichana ghafla ana pesa, uwanja wenyewe utamcheka na kumrekebisha. Anayebadilishwa awe yule anayekandamizwa, si mkandamizaji. Ukimruhusu mtu achukue nafasi ya mwanamume mkorofi na kumfanya mwema, igizo limekwisha na hakuna aliyejifunza namna ya kukabiliana naye.

Maneno na ngoma visigombane. Ngoma ikilia, hakuna neno linalosikika zaidi ya hatua kumi. Kwa hiyo wapigaji wanyamaze kabisa mtu anaposema, na kiitikio kiwe kifupi, maneno manne au matano. Wasemaji wasimame upepo ukiwa mgongoni mwao ili sauti iende kwa watu. Watazamaji wakae nusu duara, watoto chini mbele. Maiki inayokatakata iacheni nyumbani. Watu 150 mnaweza kuwafikia kwa sauti za kawaida mkiwapanga vizuri.

Muuguzi_WestNile:
Fundi amesema vyema kuhusu jukwaa. Mimi naongeza ya kitabibu, maana kosa likishaingia kwenye wimbo halitoki tena.

Watu huchanganya PEP na PrEP kwa sababu majina yanafanana, na kwenye wimbo yanafanana zaidi. Tumieni "dawa ya kabla" (PrEP) na "dawa ya dharura" (PEP). Ya kabla ni kwa mtu asiye na VVU aliye kwenye hatari inayoendelea. Ya dharura huanzwa mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72 baada ya tukio, na humezwa siku 28. Kuichezesha ni rahisi: wachezaji watatu wenye vitambaa vya njano wawe majua matatu. Jua la kwanza linapochomoza mapigo ni ya kasi, la pili ya wastani, la tatu yanapungua mpaka ngoma inazimika. Msichana akifika kituoni jua la kwanza, wimbo wote unamwitikia. Akifika baada ya la tatu, kimya. Hapo hata Msomali na Mrundi wameelewa bila mkalimani. Ila muuguzi aongeze kwa mdomo kwamba aliyechelewa bado aende: kuna kipimo, ushauri na huduma nyingine. Kimya kisimfungie mtu mlango.

Kondomu nayo inafaa hesabu ya nane, kwa kuwa mpangilio wa hatua ndio unaosahaulika. Moja, tazama tarehe. Mbili, bonyeza pakiti usikie hewa. Tatu, isogeze pembeni uchane kwa vidole, meno hapana. Nne, tafuta upande unaokunjuka. Tano, minya ncha. Sita, kunjua hadi kwenye shina. Saba, ukimaliza shika shina utoke kabla uume haujalegea. Nane, funga fundo, tupa kwenye choo cha shimo. Pigo zito liwe la nne na la saba, maana ndipo watu huharibu. Kwenye la nne mtu akianza upande usio sahihi huigeuza na kuivaa. Afanye nini? Aitupe, achukue mpya, kwa sababu upande ule umeshagusa majimaji. Vaseline na mafuta ya kupikia yasitajwe kama vilainishi hata kwa mzaha; mafuta hudhoofisha mpira.

Halafu ile ngoma maarufu ya "askari wa mwili". Wengi huicheza kama vita: askari huku, virusi kule, marungu hewani. Si hivyo. Virusi huingia ndani ya seli ya CD4, ndiyo huyo askari wa mwili, na kuitumia kujizalisha. Wekeni CD4 sita wenye vitambaa vyeupe. Kirusi mmoja mwekundu anamkumbatia CD4, wanazunguka pamoja, wakitengana wametoka wekundu wawili. Baada ya mizunguko michache weupe wamebaki wachache, na hapo mchezaji wa "kikohozi" anapita bila kuzuiwa. Wachezaji wa ARV, yaani dawa za VVU, wanapoingia wasiwaue wekundu. Wawafunge mikono wasiweze kukumbatia. Mwekundu mmoja ajifiche akichuchumaa nyuma ya ngoma mpaka mwisho. ARV wakiondoka, yeye anaamka. Hapo umeeleza kwa nini dawa ni za maisha yote, na hujatamka neno.

Maliza na huyu mtu akiwa hai, anacheza, ana mpenzi. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo cha damu haambukizi mwenzake kwa ngono. Vikundi vingi bado vinamaliza kwa jeneza na mtu aliyekonda, picha za wakati wa Kasensero na Rakai, kusini mwa Uganda, miaka ya 1980, siku zile ugonjwa ulipopata jina "siriimu", yaani kukonda. Mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alipojitangaza hadharani kuwa ana VVU mwaka 1989 na kuzunguka akiimba na kuongea na watu, dawa hizi hazikuwapo. Sasa zipo. Kijana akiona jeneza anaogopa kupima, na asipopima hatibiwi.

Kadodi_Mbale:
Mimi natofautiana kidogo na hizo dakika 10 za kukusanya watu uwanjani. Tumieni mwendo. Huku Bugisu, mashariki mwa Uganda, kadodi, ngoma yetu ya msimu wa tohara, haikai mahali, inatembea barabarani na watu wanaifuata. Anzeni sehemu mbili tofauti za makazi, makundi mawili yakutane uwanjani. Mtapata watu wasiokuja kwenye mikutano kamwe: wa boda, wa kinyozi, wasichana wanaotoka kuchota maji. Ila mkifika mahali pa kusema, ngoma isimame kabisa. Kundi linalotembea halisikii kitu.

Ngoma za jadi zina maana zake, msizibebe kama nguo. Mkitumia ya tohara, omba ruhusa ya wazee, na ujumbe uwe sahihi: tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, haiiondoi, na kidonda kinataka wiki sita bila ngono. Imbalu, sherehe ya tohara ya Bagisu, hufanywa miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila msimu huo kuna vijana wanaodhani wakitahiriwa wamemaliza mambo ya kondomu. Kila mvulana na kisu chake, hilo pia lisemwe.

Kwa mambo ya mapenzi ngoma za uchumba zinafaa zaidi. Runyege ya Banyoro na Batooro ni nzuri sana: wavulana hufunga vinyege, aina ya njuga, miguuni, vinalia kila wakikanyaga. Msichana akisema hapana, mvulana asimamishe mguu. Ukimya wa vinyege unasikika uwanja mzima. Mvulana akiendelea kukanyaga, kila mtu anajua amevuka mpaka. Acholi wana larakaraka, nayo ni ya vijana kuchaguana.

Ngoma_Rubondo:
Asanteni sana, hasa hayo majua matatu. Maswali mawili yamebaki. Wasichana wangu wanakataa kucheza mhusika mwenye VVU, wanaogopa kuonekana hivyo mtaani. Na shuleni wanatualika, lakini hesabu ya nane sidhani kama itapita.

Mama_Mlezi_Bombo:
Mwanangu, wana haki ya kukataa. Usiulize kamwe nani ana hali gani ndani ya kikundi, na usimpe mtu mmoja nafasi hiyo kila wiki. Mhusika awe kitambaa: anayekivaa shingoni ndiye "Amani", na katikati ya igizo kitambaa kipite kwa watu watatu, hata mvulana. Mwisho kila mchezaji avue kitambaa mbele ya watu, ataje jina lake na kusema "mimi ni mchezaji". Sekunde chache tu, lakini zinazuia maneno ya kisimani.

Shuleni kaa na mkuu wa shule kwanza, umwonyeshe igizo lote, si maelezo tu. Kondomu iache, peleka majua matatu na ngoma ya CD4. Walio chini ya miaka 18 kwenye kikundi chako walete ruhusa ya mzazi au mlezi, na wakimbizi wengine huishi na ndugu mkubwa tu, kwa hiyo ulizia nani anasaini.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni saa. Anzeni saa kumi jioni, mmalize kabla ya saa kumi na mbili. Onyesho la usiku huleta watu wengi, kweli, kisha wasichana wanarudi gizani na wanaume waliokunywa. Umefundisha kinga na umetengeneza hatari jioni moja. Watu wazima wawili wabaki mpaka mtoto wa mwisho aondoke, mmoja awe mwanamke.

Na baada ya igizo la ubakaji, atakuja mtu kukuambia lake. Ni karibu hakika. Jua kabla nani anampokea kituoni, na simu ya Sauti, 116, ya kuripoti ukatili kwa watoto, haina malipo. Asihojiwe na vijana wako.

Fundi_Jukwaa:
Mama amenena. Mimi nimalizie lugha na kipimo.

Lugha: igizo lichezwe Kiswahili, kiitikio kimoja kitafsiriwe kwa lugha zote tano, kila lugha iimbwe na mwenye lugha yake. Msitafsiri igizo zima papo hapo, linachosha na vichekesho vinafika vimekufa. Jaribuni kiitikio kwa watu watano wa kila lugha, waulize kinasema nini. Neno la kistaarabu kwa Mkongo laweza kuwa tusi kwa jirani yake.

Kipimo: makopo mawili yaliyofunikwa, moja lina picha ya dole gumba juu, jingine chini, pamoja na maharagwe. Watu 30 wanapoingia wanajibu swali moja kwa kutumbukiza haragwe nyuma ya pazia: "Aliyebakwa jana anaweza kupata dawa ya kuzuia VVU?" Wakitoka wanajibu tena. Asiyejua kusoma anashiriki sawa na mwalimu. Rudieni baada ya wiki tatu, na hicho ndicho kipimo cha kweli, kwa sababu jioni ile ile kila mtu anakumbuka. Pia toeni kadi zenye rangi ya onyesho lenu, kituo kizihesabu. Kadi 100 zikitoka na 4 zikafika, tafuteni kizuizi: umbali, foleni, au mpokeaji wa mlangoni anayepaza sauti.

Muuguzi_WestNile:
Kabla ya kadi, nendeni kituoni mkahakikishe vipimo na dawa vipo wiki hiyo, na siku gani wanahudumia vijana. Uganda kijana wa miaka 12 na zaidi anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa, kwa hiyo msiwaambie waje na mzazi. Waambieni pia kwamba kipimo kinaweza kukosa maambukizi ya wiki za karibuni, warudi baada ya miezi 3.

Mkigawa vipimo vya kujipima vya mate: asile wala kunywa dakika 15 kabla, asome jibu kati ya dakika 20 na 40, si baadaye. Mistari miwili haijawa jibu la mwisho, aende kituoni athibitishe. Hizo dakika 20 za kusubiri, kama wanapimia hapo hapo hemani, wapigieni kinubi cha adungu kitu cha taratibu. Ndombolo hapana.