Nimemvunja mtu mguu uwanjani, refa kanipa njano tu. Kamati imeniita, nifanyeje?

Namba Nne:
Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri. Matusi sitaki, nimeshapata ya kutosha.

Nacheza beki wa kati, ligi ya wikiendi, hakuna anayelipwa. Jumamosi dakika ya 70 winga wao alinipita kwa kasi, nikateleza. Mpira niliugusa, mashahidi wapo. Baada ya mpira ndipo nikapita na mguu wake. Refa katoa njano, mechi ikaendelea. Jamaa kabebwa, baadaye tukaambiwa umevunjika chini ya goti, mifupa yote miwili.

Sasa kamati ya nidhamu imeniita Alhamisi. Swali langu ni moja tu: refa akishatoa njano, kamati ina haki ya kuigeuza iwe nyekundu? Huo si uonevu?

Mzee wa Kuotea:
Mpira uliugusa na mguu gani, huu uliomvunjia mwenzio au ule mwingine?

Goti Bovu:
Mimi goti langu liliondoka hivi hivi, mwaka wa tisa huu. Aliyenichezea rafu naye alisema kagusa mpira. Na kweli aligusa. Mpaka leo nikishuka ngazi natanguliza mguu wa kulia, kisha nauleta wa kushoto, kama mtoto. Mvua ikikaribia goti ndilo linaloniambia. Jamaa tunakutana mitaani, ananiita "mkongwe".

Kipyenga Mstaafu:
Kijana, hilo la "niligusa mpira" liweke pembeni. Sheria ya 12 ya soka ina ngazi tatu. Ukicheza kwa uzembe, ni faulo bila kadi. Ukicheza bila kujali hatari unayomletea mwenzio, njano. Ukitumia nguvu kupita kiasi au ukahatarisha usalama wake, nyekundu. Kugusa mpira hakukushushi ngazi hata moja.

Kuhusu kamati, ligi nyingi hazifukui tukio ambalo refa aliliona na kuliamulia, ila inategemea kanuni zenu, zisome. Kinachonisumbua ni kwamba kamati haimwiti mtu kwa sababu ya njano. Barua inasemaje? Na njumu zilikuwa chini au juu?

Namba Nne:
Juu kidogo. Uwanja ulikuwa umelowa.

Na jamaa hakuwa na vilinda ugoko vya maana, wakuu. Alichomeka kipande cha katoni ndani ya soksi. Wakati wanamvua soksi nilikiona, kimelowa na kujikunja katikati. Mbona hilo halisemwi? Refa aliruhusu vipi mtu aingie uwanjani na katoni?

Kipyenga Mstaafu:
Hapo refa wenu ana lake la kujibu. Vilinda ugoko ni lazima kisheria tangu 1990, na kukagua vifaa ni kazi yake. Lakini kile kidude kinazuia mchubuko. Beki mzima akija kwa kasi na njumu juu, hata cha plastiki hakisaidii kitu.

Barua inasemaje?

Mama Wawili:
Samahani, mimi mpira siujui sana. Umeshaenda kumwona aliyelazwa?

Namba Nne:
Sijaenda. Nikienda itaonekana nimekiri. Nahodha kaniambia hata simu nisipige mpaka kikao kipite. Nadhani yuko sahihi.

Mama Wawili:
Nahodha wako hana mama.

Mtutu wa London:
Sisi wa Arsenal haya tumeyazoea. Eduardo, Februari 2008, dakika ya tatu tu ya mechi, Martin Taylor kamvunja mguu. Miaka miwili baadaye, Februari ileile, Ramsey kavunjwa na Shawcross. Kila mara wimbo ni mmoja, "jamaa si mchezaji wa namna hiyo". Basi tuonyesheni huyo wa namna hiyo, maana miguu inavunjika na mvunjaji haonekani.

Mzee wa Kuotea:
Angalau hao wote walikula nyekundu. Fainali ya Kombe la Dunia 2010, De Jong kampanda Xabi Alonso kifuani na daluga, refa Howard Webb katoa njano. Baadaye mwenyewe alikiri ilikuwa nyekundu, kwamba hakuwa ameona vizuri.

Mtutu wa London:
Na kipa Schumacher, Kombe la Dunia 1982? Kampiga Battiston mpaka kapoteza fahamu na meno, refa akaamuru goal kick. Hata faulo hakuna. Kipa kabaki golini na Ujerumani Magharibi wakaingia fainali. Halafu kuna watu wanailaani VAR, refa wa video, humu.

Mzee wa Kuotea:
VAR ilikuwepo kipa Pickford alipoliondoa goti la Van Dijk 2020. Wakaishia kupima kuotea.

Kipyenga Mstaafu:
Na kuotea hakufuti rafu mbaya, kadi ilikuwa inawezekana palepale. Ila msitutoe nje ya mada. Namba Nne, nauliza mara ya tatu na ya mwisho. Nakili maneno ya barua.

Namba Nne:
Sawa mkuu.

Imeandikwa "rafu mbaya na kauli ya vitisho kabla ya mchezo".

Usiku wa kuamkia mechi niliandika kwenye kundi la timu: "kesho yule winga harudi kwao kwa miguu yake". Ulikuwa utani, watu kumi na moja waliweka vicheko. Kuna mwenzetu kapiga picha ya skrini kawapelekea wale. Nimeshaifuta. Maelezo nimeshaandika pia, kurasa mbili, la meseji sikuligusa kwa sababu halihusiani na tukio. Tukio ni dakika ya 70.

Mzee wa Kuotea:
Aisee.

Goti Bovu:
Kwa hiyo alirudi kwa miguu ya nani?

Namba Nne:
Kabla hamjanihukumu mjue tulikotoka. Mechi ya kwanza mwaka jana nililala chini nimeshika goti, kano imekatika. Yeye kaja kusimama juu yangu: "Inuka, acha maigizo." Mbele ya watu. Nimekaa nje miezi minane. Hakuna refa aliyemwonya, hakuna kamati iliyomwita. Haki iko wapi?

Mchunguzi Huru:
Hii ni chai, wakuu, hadithi ya kutunga. Tena ya kupashwa moto.

Someni: mtu kaumia goti, mpinzani kamsimamia akimwambia anaigiza, kakaa nje kwa muda mrefu, karudi, kalipiza mguuni. Hiyo ni Roy Keane na Alf-Inge Haaland, 1997 mpaka 2001, kabadilisha namba za jezi tu. Halafu tazameni, posti ya kwanza ni "winga wao", kama hamjui. Sasa hivi wana historia. Dakika kumi zijazo atatuambia aliyevunjika ni shemeji yake.

Mtutu wa London:
Duh, kweli. Nilikuwa najiuliza nimeisikia wapi.

Namba Nne:
1997 nilikuwa sijazaliwa! Kwani kuambiwa unaigiza ni hati miliki ya Keane? Nenda uwanja wowote Jumamosi uhesabu.

Mchunguzi Huru:
Weka picha ya barua, ziba majina.

Namba Nne:
Siweki. Ikivuja nitaongezewa kosa la tatu.

Mzee wa Kuotea:
Jibu la kawaida la wapika chai. Sukari iko wapi?

Kipyenga Mstaafu:
Iwe chai iwe maji, nitajibu kama ni kweli, maana kuna atakayepita hapa ana shida hiihii.

Huyo Keane mnayemtaja alikula nyekundu siku ileile na akafungiwa. Yakaisha. 2002 akatoa kitabu na kueleza kwamba alidhamiria. FA, chama cha soka cha kwao England, ikamrudia: kifungo cha mechi tano na faini ya pauni 150,000. Ya pili ililetwa na maneno yake mwenyewe. Wewe maneno yako yametangulia rafu, ndiyo mabaya zaidi. Refa alihukumu alichokiona. Meseji hakuiona, kwa hiyo usimtumie kama ngao.

Picha ya skrini iko mezani kwao. Ukisoma kurasa zako mbili bila kuitaja, watakuacha umalize kwanza, kisha watakuonyesha. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Andika upya.

Jingine, 1985 mahakama ya rufaa Uingereza ilimtoza mchezaji wa ridhaa fidia ya pauni 4,900 kwa kumvunja mwenzie mguu kwenye mechi ya ligi ndogo tu. Kwenu sijui ikoje, muulize mwanasheria.

Namba Nne:
Katibu keshayapeleka, mkuu. Nikibadilisha nitaonekana mwongo.

Mama Wawili:
Na usipobadilisha utaonekana nani?

Namba Nne:
Mnaosema chai, niwaambie kitu. Watu husema mguu ukivunjika unalia kama kijiti. Wangu, yaani wake, ulilia kama mtu kapiga meza kwa kiganja. Nilijua kabla yeye hajapiga kelele. Refa kipyenga kilikuwa mdomoni, hakupuliza mara moja. Tulitazamana.

Goti Bovu:
Sauti hiyo haitungwi.

Mchunguzi Huru:
Inatungwa vizuri tu.

Namba Nne:
Basi. Kesho asubuhi naenda kwa katibu kuyachukua maelezo, kama bado yako kwake. Hospitali bado nafikiria. Alhamisi nikitoka kikaoni nitaleta mrejesho.

Mzee wa Kuotea:
Hawa huwa hawaleti mrejesho. Mtutu, leo Arsenal anacheza saa ngapi?