Nilimpigia Wajackoyah kura, na sijutii

Mwana_Mizizi: Mahakama ya Juu ya Kenya imeshasema yake tarehe 5 Septemba 2022: Ruto ndiye rais, mambo yameisha. Lakini majirani zangu wa Azimio, muungano wa Raila, bado wananikazia macho kana kwamba ni mimi niliyewanyima Ikulu. Ndiyo, nilimpigia Profesa Wajackoyah, yule mgombea aliyetaka bangi ihalalishwe. Nilipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, nikaingia kwenye kile kibanda cha kadibodi, nikashika kalamu kama dakika nzima bila kuandika kitu. Mmoja, Ruto, amekuwa naibu rais karibu miaka kumi, ati hasla, mtu wa kujitafutia riziki. Mwingine, Raila, amepigana na serikali maisha yake yote, na mwaka huu serikali ndiyo inamfanyia kampeni. Nikaona heri Profesa na traksuti zake. Nielezeni nilikosea wapi.

Mzee_wa_Tinga: Kijana, ulikosea hapa: Baba, yaani Raila, alishindwa kwa laki mbili na kitu. Nyinyi watu wa bangi mlikuwa karibu laki moja. Piga hesabu.

Karani_Mstaafu: Laki moja ya wapi? Profesa alipata 61,969, asilimia 0.44. Raila 6,942,930, Ruto 7,176,141. Tofauti ni 233,211. Mpe Raila kura zote za Profesa, ongeza na za Mwaure, yule mgombea wa nne, bado hafiki, na Ruto anabaki na asilimia 50.49 yake vilevile. Hizo kura hazikumwangusha mtu.

Mzee_wa_Tinga: Hizo ni hesabu za Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi. Makamishna wenzake wanne walizikana pale hoteli ya Serena. Lakini tuache hayo. Mtu mwenye akili zake anampigiaje kura mchimba makaburi anayesema deni la China litalipwa kwa bangi na korodani za fisi?

Udongo_Mwekundu: Rudia hapo kwa mchimba makaburi.

Mzee_wa_Tinga: Si mwenyewe alisema alichimba makaburi Uingereza?

Udongo_Mwekundu: Baba yangu alichimba miaka kumi na tisa. Jioni tulikuwa tunaangalia viatu vyake kwanza. Vikirudi safi, kesho hakuna shule. Vikirudi na udongo, ada ipo. Sisi tumesoma kwa misiba yenu, mzee. Ukitaka kumcheka Profesa, mchekee fisi wake. Jembe liache.

Wilbaro_Tu: Pole sana ndugu yangu. Hawa ndio walewale waliotucheka sisi watu wa Ruto na wilbaro yetu, alama ya chama. Dharau zao ndizo zimewaangusha.

Dada_Mkavu: Wewe wa wilbaro hebu tulia. Mwaka mzima mmetuimbia kuku ambao Ruto aliuza Kamagut mpaka tukawajua kwa majina. Muuza kuku ni shujaa, mchimba kaburi mnampa pole?

Wilbaro_Tu: Nimempa pole kwa kutukanwa, si kwa kazi. Soma vizuri.

Dada_Mkavu: Nimesoma. Ulikuwa unatafuta kura, na uchaguzi umeisha.

Mzee_wa_Tinga: Sikumtukana baba ya mtu. Nilimsema wa Uingereza.

Udongo_Mwekundu: Kwani la Uingereza linachimbwa kwa kijiko?

Mwana_Mizizi: Jamani, swali langu lilikuwa jingine.

Dada_Mkavu: Swali gani tena? Profesa wako aligombana na mgombea mwenza wake hata kabla ya kura kupigwa. Chama cha watu wawili kimemshinda, nchi nzima angeiwezea wapi?

Mwana_Mizizi: "Profesa wako" tena! Mimi si mtu wa Profesa. Hata angeshinda ningeshtuka kuliko nyinyi nyote. Sikutaka akae Ikulu, nilitaka wale wawili wajue kuna mtu amewatazama vizuri, akawakataa.

Karani_Mstaafu: Hapo umebadilisha hadithi. Mwanzo ulisema heri yeye.

Mzee_wa_Tinga: Basi ungekaa nyumbani!

Mwana_Mizizi: Tumejiandikisha milioni 22 na ushei, na zaidi ya theluthi moja hawakutoka. Kuna mtu anajua walitaka nini? Wengine walikuwa wamekasirika, wengine walikuwa wamelala, wote wamewekwa kapu moja. Mimi niko ndani ya zile 61,969. Chebukati alizisoma ukumbi wa Bomas mbele ya dunia nzima.

Wilbaro_Tu: Kwa hiyo sasa unazikubali hesabu za Chebukati. Mzee wa Tinga, umesikia?

Mzee_wa_Tinga: Nimesikia, na sitaki kelele za wilbaro. Udongo, mwanangu, kama nilikukwaza unisamehe. Huyo mzee bado yupo?

Udongo_Mwekundu: Yupo. Mgongo ndio umekataa.

Mzee_wa_Tinga: Hebu niambie basi, ni futi sita kweli au ni maneno tu?

Udongo_Mwekundu: Inategemea udongo. Na kama wenye msiba wamemaliza kulipa.