Naomba ushauri: nichukue teminali ya VT220 niliyoikuta Igogo?

Ngosha wa Kirumba: Wakuu, habari za jioni. Napenda sana vifaa vya zamani, wanaonifahamu humu wanajua. Leo kwa muuza chuma chakavu Igogo, hapa Mwanza, nimekuta VT220, teminali (kioo na kibodi tu, kompyuta yenyewe inakuwa pembeni) ya DEC, kampuni ya kompyuta ya Marekani, iliyotoka mwaka 1983, ina chogo kama TV za kale. Anataka elfu themanini. Nisipoichukua anaivunja atoe shaba. Mke wangu anasema hela hiyo ni sato wa kutosha na chenji inabaki. Inafaa kweli?

Dada Mitambo: Kaka, kibodi ipo? Hiyo inatumia kibodi yake, LK201. Ya USB haiingii, na bila kibodi hata mipangilio hubadilishi. Wauza chakavu hutenganisha vitu. Kama haipo, usimpe zaidi ya elfu ishirini.

Bodaboda Buzuruga: Nunua tairi mkuu 😂

Fundi Chogo: Inafaa. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, inaielewa mpaka leo. Tafuta kifaa cha kugeuza USB kuwa seriali, yaani tundu la zamani la kuunganishia mashine, na waya uliopishanisha kutuma na kupokea, kisha weka kasi ya biti 9600 kwa sekunde pande zote mbili. Ila usikubali aiwashe palepale dukani! Umeme wetu ni volti 230, kama swichi ya nyuma iko kwenye 120 umeiunguza. Na usifungue kifuniko, chogo hubaki na maelfu ya volti hata ukishachomoa. Kutu pia iangalie, unyevu wa ziwa hauna huruma.

Mzee wa Pasiansi: Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, mnajua hilo? Na nchi zilizokuwa nazo, mashine moja ilihudumia ofisi nzima, kila karani akiwekewa kioo na kibodi tu. PDP-8, kompyuta ya DEC ya mwaka 1965, iliuzwa dola 18,500, tena ikasifiwa kwa urahisi wa bei. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, ilitoka 2012 kwa dola 35, na inaiendesha teminali yako bila jasho. Sasa huyo jamaa anakuuzia kioo kitupu kwa bei inayokaribia ya kompyuta nzima. Shusha bei!

Ngosha wa Kirumba: Shikamoo mzee. Nimempigia: kibodi ipo, waya wake umekatwa. Ameshuka hadi hamsini.

Fundi Chogo: Kichwa cha waya huo ni kama cha mkonga wa simu ya mezani, nyuzi nne. Unapatikana. Mpe arobaini na tano.