Ilimba inagombana na kinanda, albamu inatoka Ijumaa. Naombeni ushauri

Biti_Dodoma: Wakuu, habari za muda huu. Tuna bendi yetu ndogo, tunapika albamu ya kwanza: biti za kompyuta, kinanda cha umeme, juu yake ilimba (ile ala ya vyuma ya kupiga kwa vidole gumba) na zeze la Kigogo. Kwenye nyimbo tatu ilimba haikubaliani na kinanda, kuna noti inakwaruza. Nikaze ilimba au nibadili kinanda? Usingizi sipati.

FundiMitambo: Usiguse ilimba. Ngazi ya Kigogo inafuata milio ya asili, haifuati piano. Hiyo inayokwaruza bila shaka ni ya saba katika milio hiyo: iko chini ya noti ya piano kwa senti kama 31, na senti mia ndiyo nusu toni. Shusha noti hiyo kwenye kinanda, basi.

MzeeWaKwaya: Vijana mnaharibu muziki wa wazee kwa hayo makompyuta. Kwaya yetu iliingiza kinanda, mpiga kinanda akaondoka na mwimba solo, mpaka leo hatuna sauti ya kwanza.

Ngosha: Mzee, hata Hukwe Zawose, gwiji wa ilimba wa Kigogo, alitoa albamu na Mkanada Michael Brook, 2002, na mitambo imo.

Bibi_wa_Pemba: Mwanangu, mpiga ilimba wenu anasemaje? Yeye ndiye mwenye masikio.

Biti_Dodoma: Kwa sasa hayupo.

Bibi_wa_Pemba: Hayupo vipi? Kafa? Mmegombana?

Biti_Dodoma: Dah. Ni mzee mmoja wa Chamwino. Tulimrekodi kwa simu nyumbani kwake, kuku wanasikika nyuma. Tulimwachia sukari kilo mbili na elfu thelathini. Habari za albamu hana.

Ngosha: Sukari kilo mbili! Hapo mngepewa na binti.

Biti_Dodoma: Msinihukumu. Tumemkatakata vipande, hata mwenyewe hawezi kujitambua. Na kava lishachapwa, majina ni manne tu.

Wakili_Kijiweni: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mpigaji pia, si mtunzi peke yake. Rudini kwa mzee na karatasi, muandikishane, kisha mwende COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Biti_Dodoma: Nitaenda albamu ikishatoka. Swali langu lilikuwa la noti.

Kipanga: Subirini kidogo. Huyu si ndiye juzijuzi alikuwa anaulizia dawa ya mdondo, kuku wake wanakufa Kahama? Leo ana bendi Dodoma? Hii chai.

Ngosha: Tena ya tangawizi. Weka sekunde ishirini tusikie.

Biti_Dodoma: Siweki, itavuja. Na wale kuku ni wa shemeji.

FundiMitambo: Chai gani inajua kuku wanasikika nyuma ya rekodi? Mimi namwamini. Ila noti ya saba hajanijibu.

MzeeWaKwaya: Hao kuku wa shemeji, waliopona anauza? Ni chotara au kuchi?