Madogo wa kijiweni na daftari la kura

Mmakonde_Masasi: Wadau wa Kusini mambo vipi, hapa kijiweni kwetu madogo wa bodaboda wengi hawamo kwenye daftari la wapiga kura, ukiwauliza wanakwambia walishajiandikisha 2024 kwa mwenyekiti wa mtaa inatosha. Nawashawishije?

Kaka wa Nachingwea: Ile ilikuwa ya serikali za mitaa tu mkuu, ya rais na wabunge ni daftari la kudumu la Tume ya Uchaguzi, unapigwa picha unaweka vidole unapewa kadi, bure. Hotuba hawasikii hao, daftari likifunguliwa mpakie mmoja nenda nae wenzie waione kadi.

Binti_Newala: Tena uchaguzi mkuu huwa Oktoba, msimu wa korosho huo, dogo kajiandikisha Mtwara mjini siku ya kura yuko Tandahimba anaokota 😂 ahamishe taarifa mapema, daftari likifunguliwa tu

Mmakonde_Masasi: Hilo la korosho sikuliwaza kabisa